Moto Usiokula

Siku lori la wanajeshi lilipomchukua Kassimu, tanuri la mawese pale Minago lilikuwa linawaka, naye alikuwa na masizi mpaka kwenye nyusi. Hakuulizwa kitu. Alipanda, akageuka, akamwambia mkewe, "Batuli, usizimishe moto. Nitakuja kuizimisha mimi mwenyewe."

Kila mtu Minago alijua maana ya maneno hayo. Katika karakana ile ya mawese, aliyewasha tanuri mwanzo wa msimu ndiye anayelizima na kuzoa majivu mwisho wake. Mwingine akilizima, basi aliyeliwasha amekufa. Ndivyo alivyofanya mjane wa mzee Hadji mumewe alipozama ziwani: asubuhi alizoa majivu, mchana akafumuliwa nywele, akaingia eda. Kwa hiyo, mwaka ule wa sabini na mbili, mwaka wa ikiza, yale mauaji makubwa ya Burundi, watu walipokuwa wakichukuliwa na hata maiti zao zisionekane, Batuli alikuwa na kitu ambacho wanawake wengi hawakuwa nacho. Moto ukiwaka, mume yu hai. Aliushikilia kwa meno.

Balaa ni kwamba tanuri lenyewe lilikuwa lafi. Kassimu alizoea kulitania kwamba linakula kuliko shemeji zake wote. Kisha husema, bila kucheka, "Acha ikule. Moto ya watu inakula. Siku utaona moto haikule, ujue si ya watu tena."

Kuni zilitoka milimani juu ya kijiji cha Kizuka, na sasa nani angethubutu kupanda huko? Mwenye karakana alikuwa ameshakimbilia Bujumbura, akiwaachia wanawake chikichi tele na kuni za kubahatisha. Batuli akaanza kubana. Alikandika udongo kwenye nyufa zote za tanuri ili joto lisitoroke. Makapi ya chikichi yaliyokamuliwa, ambayo zamani yalitupwa yakaoza, aliyaanika juani akayafanya kuni, pamoja na maganda ya kokwa. Maji ya moto yaliyobaki chini ya mafuta katika pipa la kuchemshia hakuyamwaga tena. Aliyahamishia pipa la pili, likaanza kuchemka kabla hujamaliza kusema bismillahi. Kifuniko cha bomba la moshi alikifunga nusu. Moshi ukapungua, na hilo nalo lilikuwa jema, maana mwaka ule moshi mzito ulikuwa unaita wageni.

Alijivunia, na kwa nini asijivunie? Kila alipopunguza, moto ulizidi kutulia na mawese yalizidi kuwa mekundu. Akapunguza tena.

Kisha yakaja mengine. Asubuhi moja alikuta kifuniko cha bomba kimesogezwa kidogo upande wa kushoto, pale pale Kassimu alipopenda kukiweka. Halafu zikaja ngo, ngo, ngo. Kassimu alikuwa na desturi ya kugonga pipa kwa mpini wa upawa mafuta yakiwa tayari. Sasa pipa liligongwa na hapakuwa na mtu karibu yake. Batuli alienda kutazama, akakuta mafuta yameiva sawasawa.

Mwingine angekimbia. Batuli alilia kwa furaha. Alijisemea kwamba mume anamkumbuka huko aliko, na mtu anayekumbuka yu hai. Akaanza kuzungumza na tanuri wakati wa kazi, akilipa habari za nyumbani, na kila alipomaliza habari moja, bomba lilivuta pumzi.

Cibalonza, mwanamke wa Bukavu aliyekuwa akizungusha mashine ya kukamulia, ndiye aliyeuliza. Ilikuwa mchana kweupe, jua la utosi.

"Dada Batuli, hii moto iko inakula nini?"

"Iko inakula makapi."

"Makapi gani? Ile fungu iko vile vile tangu juzi. Na angalia bomba. Moshi iko wapi?"

Batuli akatazama juu. Mbingu juu ya bomba ilikuwa safi, bluu tupu mpaka ziwani. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Hawakutuambia neno juu ya moto usiofuka.

"Mimi situmike tena hapa," Cibalonza akasema, akavua kitambaa cha kazi. "Uniwie razi, dada." Akatoka mpaka barabarani, akasimama huko.

Batuli alichuchumaa akafungua mlango wa tanuri. Ndani mlikuwa mwekundu, mwekundu mzuri. Na makapi aliyoyatia asubuhi yalikuwepo yote, hayajaungua hata unyuzi, unyevu wa umande bado umo. Chini yake majivu yalikuwa ya zamani, yameshikana kama uji uliolala.

Akaingiza mkono. Akausukuma mpaka kiwiko, katikati ya ule wekundu. Kulikuwa na baridi, baridi ya maji ya ziwa ya chini kabisa. Na juu ya kichwa chake pipa lilikuwa linatokota.

Ngo, ngo, ngo.

Ndipo maneno ya mumewe juu ya moto usiokula yalipomrudia, yakamkata maini. Siku zote hizi alikuwa anajisifu kwa kubana kuni, kumbe kuna mtu alikuwa amebanwa hapa, anachemsha mapipa bila kuni wala pumziko, kwa sababu mkewe alikataa kumwachia.

"Kassimu," akasema, machozi yakimdondoka. "Innalillahi. Umetumika sana, mume wangu. Sasa basi."

Akachukua beleshi. Alivuta makapi, akazoa majivu, ndoo baada ya ndoo, na wekundu ule ukafifia kila alipozoa. Alipofikia tofali tupu, pipa lilinyamaza. Bomba likatoa pumzi moja ndefu, na haikurudi.

Batuli alitoka nje na majivu mpaka mabegani. Cibalonza alikuwa bado barabarani, hajui aende au arudi.

"Njoo, Cibalonza," akamwita. "Njoo unifumue nywele."