Jiaozi Juani

Fengzhen alizikuta jiaozi, vile vifuko vidogo vya unga vyenye nyama, roshani, zimepangwa kwenye sinia la bati, zinapigwa na jua la Sanya. Zilipangwa kwa ustadi, hata moja haikugusa nyenzake, na juu yake kulitandazwa kitambaa chembamba cha kuzuia nzi. Unga umelowa jasho, na nyama iliyokunjwa ndani imeshaanza kunuka.

Kwao Jiamusi, kaskazini, Mwaka Mpya ukikaribia, kila nyumba hukunja jiaozi na kuzitoa nje zigande. Baridi ya kule ndiyo friza ya kila mtu, na haijapata kuharibika. Zikishakuwa ngumu kama kokoto hutiwa kwenye mfuko, zikaliwa mpaka sikukuu ziishe. Lakini huku kusini, ambako hata mijusi hutafuta kivuli, nani mwenye akili zake timamu ataanika nyama nje akingoja igande?

Katika chumba chao cha kupanga walikaa watu wawili tu, yeye na mumewe Dekuan. Na si jiaozi peke yake. Wiki iliyopita alikuta koti zito la manyoya limetundikwa mlangoni, tayari kwa safari ya thelujini. Juzi akakuta nyufa za dirisha zimezibwa kwa vipande vya karatasi na gundi, kama wanavyofanya kule kuzuia upepo. Alivibandua kimya kimya. Alikuwa anaogopa, na hofu yake ilikuwa na jina moja: Dekuan anaanza kupotewa na akili.

Ni Dekuan aliyeng'ang'ania waje huku, na wakae mpaka barafu ya kwao iyeyuke. "Mapafu yangu, mama Haiyan. Baridi itanimaliza," alisema. Sasa Fengzhen aliyaona mengine kabisa akilini mwake. Aliona gesi imeachwa wazi. Aliona mzee wake anashuka ufukweni asubuhi, anaidhani bahari ni mto Songhua ulioganda, na anaanza kuuvuka kwa miguu kama walivyouvuka ujanani.

Dekuan alirudi kutoka sokoni na kabichi kwapani. Akaliona sinia, akasimama.

"Nani kaziweka hizi nje?" Fengzhen akauliza.

Mzee aliitua kabichi kwanza. "Ah! Mimi huyo. Nimesahau kuzitia kwenye friza."

"Baba Haiyan, saba mara nane ngapi?"

"Unanitahini, mwalimu?" Dekuan akacheka. "Hamsini na sita. Na wewe nijibu langu: jana usiku tulikula nini?"

Fengzhen akafungua kinywa, akakifunga. "Usinichezee, mzee mzima wewe. Mwanafunzi hamwulizi mwalimu." Alifundisha hesabu mpaka alipostaafu, na alijisifu kwamba majina ya watoto wote aliowafundisha yako kichwani. Akazimwaga jiaozi kwenye taka, akashuka chini.

Mama Tong, mjane aliyetoka mji wa Qiqihar, kaskazini kama wao, ambaye roshani yake inatazamana na yao, alikuwa bustanini anangoja wenzake wa kucheza ngoma. Mwanamke huyu alikuwa na mdomo usiojua likizo. Lakini hofu ikizidi haichagui sikio, na Fengzhen akamwambia yote: koti, karatasi, jiaozi.

"Wazee wetu hawa," akamalizia, akijaribu kucheka, "ukiwageuzia kisogo tu wameshachomoka."

Mama Tong hakucheka. Akaushika mkono wake. "Dada, asubuhi nilikuwa naanua nguo. Nilikuona."

"Ulimwona Dekuan."

"Nilikuona wewe. Unazipanga huku unaimba. Nikakutania, 'Leo unaanika samaki gani?' Ukanijibu nifunge madirisha, eti usiku huu Songhua itaganda mpaka chini."

"We Tong, utani mwingine si mzuri."

"Natamani ungekuwa utani, dada yangu."

Fengzhen akauchomoa mkono wake, kwa hasira, na ndipo alipoiona pete yake ya ndoa. Ukingoni mwake, mle ambamo maji ya haraka hayafiki, ulikuwa umeganda unga mkavu mweupe. Akaukwangua kwa ukucha. Akaunusa. Kitunguu na nyama.

Alipanda ngazi ameshika ukuta. Dekuan alikuwa anakatakata kabichi, amempa mgongo.

"Mapafu yako yana nini?"

Kisu kikasimama.

"Hayana kitu," akasema Dekuan.

"Basi huku tumefuata nini?"

Mzee alijifuta mikono, polepole, bila kumtazama. "Mwaka jana theluji ilipokuwa inamwagika ulitoka na ndara, na gauni la kulalia. Nilikukuta kituo cha basi. Ulikuwa unakwenda kufundisha, watoto wanakungoja. Vidole vyako vya miguu vilikuwa vyeupe kama mshumaa, na daktari alisema ningechelewa kidogo tu, ningekuokota maiti." Akaukunja ukingo wa aproni. "Huku ukitoka, mama Haiyan, utachomwa na jua. Jua halitakuua kabla sijakufikia."

Fengzhen alikaa kwenye kiti. Alikitafuta kituo cha basi kichwani mwake, akakitafuta tena, hakukipata. Hofu aliyokuwa akimwogopea mumewe ilihamia kwake, na haikuwa na pa kukimbilia.

"Kwa nini hukuniambia?"

Dekuan alipiga magoti mbele yake, magoti yakalia, akaanza kumsafishia pete kwa ncha ya aproni.

"Dekuan. Uliwahi kuniambia?"

"Siku ya koti," akasema mzee. "Na siku ya dirisha."