Baridi ya Mikono ya Kustini

Jumapili saa tatu asubuhi Bibi Ngatirah alikuwa kibarazani akiponda vitunguu vidogo ndani ya mafuta ya nazi, na ndani ya nyumba yake mlikuwa na upepo aliowatoa mwilini wagonjwa watatu wa jana. Wa dereva wa lori ulikuwa juu ya kabati, unanuka dizeli. Wa mwalimu ulijibanza chini ya meza na kupuliza vumbi la chaki. Wa muuza tofu ya soya ulikuwa mdogo, mtundu, ukishinda unafunuafunua kalenda. Dirisha lilikuwa wazi, ila upepo uliokaa mwilini mwa mtu miaka mingi huzoea kukaa ndani, na Bibi hakuwa mtu wa kufukuza wageni.

Kazi yake ilikuwa kukanda. Alipokandamiza uti wa mgongo kwa dole gumba na upepo ukaanza kusogea, aliyebeua ni yeye, si mgonjwa. Amewahi kumbeulia diwani kuanzia alasiri hadi magharibi. Masharti yake yalikuwa machache: usije umeshiba, pumua wala usijikaze, ukimaliza unywe tangawizi ya moto, na usioge mpaka kesho. Sharti moja tu ndilo lililowashinda watu, nalo ni kusema panapouma. Upepo hautoki mahali ambapo mwenyewe hajapataja.

Sasa, katika kichochoro kile cha mji wa Sidoarjo watu walilelewa kusema "si kitu". Mtu akikanyagwa mguu na pikipiki, hutabasamu na kumwomba radhi mwenye pikipiki. Bibi Ngatirah naye alilelewa hivyohivyo, lakini dole gumba lake halikulelewa na mtu.

Mgonjwa wa kwanza siku hiyo alikuwa Kustini, mkamwana wa Bi Sarpin, mwenye miaka ishirini na sita. Alikuwa akimenya kamba wa baharini kiwandani, saa kumi kwa siku, amesimama, vidole ndani ya barafu. Makoti mazito ya kuzuia baridi yalikuwapo, matatu, ndani ya kabati la kioo mlangoni mwa ukumbi wa kumenyea. Yalikuwa ya wageni wanaokuja kununua kamba na kupiga picha.

Tangu aliporudi kazini baada ya uzazi, baridi ya ukumbi ilimfuata nyumbani na kukaa mikononi. Akishika glasi, glasi inatoka jasho. Akimimina mafuta ya nazi kiganjani, yanaganda meupe kama samli. Hayo yote angeyavumilia. Ila binti yake Ratri, wa miezi saba, alikuwa akiguswa na mama yake tu anapiga kelele mpaka anakauka sauti. Kustini alijaribu maji ya moto, akajaribu glavu za sufu, akajaribu kumbeba kwa viwiko. Mwishowe akawa anakaa pembeni kumtazama Bi Sarpin akimlisha mwanawe, na kila mtoto alipocheua yeye ndiye aliyenyoosha kitambaa, kwa mbali. Alikuwa na uchungu ambao hakuwa na pa kuutua.

Bi Sarpin hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka, na magoti yake yalikuwa na umri wake. Akaamua mtoto apelekwe mji wa Malang kwa shangazi yake mpaka aanze kutembea. Gari lingeondoka siku hiyo hiyo saa sita mchana.

Hii ilikuwa mara ya tatu kwa Kustini kulala kwenye ule mkeka. Mara mbili za kwanza haukutoka hata upepo wa kuzimia mshumaa.

"Hapa?" Bibi aliuliza, dole gumba likiwa chini ya bega la kushoto.

"Si kitu, Bibi."

"Na hapa?"

"Kawaida tu. Bibi asijichoshe."

"Mwanangu, nimewahi kukanda mlango ulionilalamikia zaidi kuliko weye."

Kustini alicheka kwa adabu, uso ukiwa kwenye mkeka. Bibi akashuka kwenye kiwiko, akaukuta mshipa mgumu kama kamba ya kisima, akaukandamiza. Vidole vya miguu vya Kustini vikajikunja. Mdomo ukasema si kitu.

"Haya," Bibi alisema, akifuta mikono. "Mimi nina mafuta, nina mikono, nina vitunguu. Sina ulimi wako. Ukiuficha ugonjwa, mimi nakukuna tu, na kukuna hakuhitaji mkandaji. Paka anaweza."

"Naona haya, Bibi. Wenzangu mia mbili wanasimama palepale, hakuna anayesema."

"Wenzako hawapo kwenye mkeka huu."

Nje, Bi Sarpin alikuwa amefika na mtoto mgongoni na kikapu cha nguo ndogo, njiani kwenda kwenye gari. Alipitia ili mama amuage mwanawe. Ratri alikuwa ameamka, anapiga soga na kuku kwa lugha yake, bwa-bwa-bwa, amefurahi. Kustini aliisikia sauti hiyo. Ilikuwa sauti ambayo hajawahi kupewa yeye.

"Inauma," alisema.

Alilisema polepole, kana kwamba ni neno la kuazima. Dole gumba la Bibi likasimama.

"Wapi?"

"Hapo. Na chini yake. Kiwiko kinauma, vidole vyote vinauma, hiki cha mwisho sikisikii kabisa. Kiuno kinauma kuanzia saa tatu asubuhi. Yule msimamizi akipita na koti lake mwenyewe, meno yananiuma. Na mwanangu akinililia, Bibi, inauma hapa, hapa, na sijui panaitwaje."

"Si lazima pawe na jina," Bibi alisema. "Pumua."

Akakandamiza, akabeua. Alibeua mbeuo mmoja mrefu kuliko wote wa maisha yake ya kazi, kuku wakakimbilia kwa jirani. Upepo ukatoka kiwikoni, kisha kiunoni, kisha katika kila kidole kwa zamu, na chumba kikajaa baridi yenye harufu ya kamba. Barafu nyembamba ikatanda ukutani mpaka kwenye kalenda. Upepo wa dereva ukashuka kabatini na kutoka dirishani, wa mwalimu na wa muuza tofu nao ukafuata, maana hapakuwa na nafasi tena.

Baada ya baridi ikatoka sauti ya msimamizi wa ukumbi, ileile ya kila Jumatatu: "Kuna mwenye malalamiko?" Na baada ya sauti ukatoka ukimya wa wanawake mia mbili. Ulikuwa mzito na mwingi. Ulijaza chumba kuanzia sakafuni hadi darini, Bi Sarpin akashindwa kuusukuma mlango, ikabidi apitie jikoni.

Aliitazama barafu ya ukutani.

"Hii itakaa mpaka lini?" aliuliza. "Nina samaki wawili nyumbani."

"Walete," Bibi alisema, akimimina tangawizi.

Kustini alikunywa glasi yote. Halafu akanyoosha mikono, na Bi Sarpin akamfungua mtoto mgongoni na kumweka humo. Ratri alikunja uso, tayari kulia. Akakaa kidogo. Kisha akakishika kidole cha mwisho cha mama yake, akakiangalia pande zote mbili, akakitia mdomoni na kukitafuna kwa fizi.

"Anakiuma?" Bibi aliuliza.

"Ananiuma," Kustini alisema huku analia. "Nakisikia."

Bi Sarpin alitua kikapu. Akasema magari ya Malang siku hizi yanajaza watu kupita kiasi, si ya kumpakia mtoto.

Kustini hakuoga mpaka kesho yake, kama alivyoagizwa. Jumatatu msimamizi alisimama mbele ya meza za kumenyea na kuuliza kama kuna mwenye malalamiko. Alikuwa ameshageuka aende zake, maana ukimya haujawahi kuchelewa. Siku hiyo haukuja. Ulikuwa Sidoarjo mjini, nyumbani kwa Bibi Ngatirah, umeegemea mlango.

"Ninayo mimi, Bwana," Kustini alisema. "Mikono inauma. Tunahitaji makoti."

"Mimi miguu," akasema wa pembeni yake, akajishangaa kidogo kuisikia sauti yake, kisha akaendelea. Wa tatu akasema mgongo. Ikawa meza kwa meza, kwa upole kabisa, kila mtu akianza na samahani.

Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho. Akawashukuru kwa uwazi wao. Akaeleza kwamba wageni wanakuja Alhamisi na makoti ni matatu, akafunga kabati kwa ufunguo, kazi ikaanza.

Kufikia Jumatano glasi ya Kustini ilitoka jasho tena, kidogo. Alhamisi wageni wakaja, wakavaa makoti, wakasifu jinsi wafanyakazi walivyo watulivu, mpaka mmenya kamba mmoja aliyekuwa karibu akawaeleza kwa heshima zote kuhusu nyonga yake. Walipiga picha na kuondoka. Ijumaa Ratri alishtuka aliposhikwa, akanuna, lakini hakulia.

Jumapili iliyofuata Bibi Ngatirah alifungua mlango kwa bega, akakuta wanawake kumi na wanane wa kiwandani kwenye kichochoro, hawajashiba, kama sharti linavyotaka, wengi wana watoto mgongoni. Kustini alikuwa wa nne. Bi Sarpin alikuwa akigawa tangawizi na kupanga foleni bila kuombwa na mtu.

"Ingieni mmoja mmoja," Bibi alisema. "Nani anaumwa zaidi?"

Kwa desturi ya kichochoro kile, hapo kila mtu angemsogeza mwenzake mbele na kusema yeye si kitu. Siku hiyo wote kumi na wanane walijibu kwa pamoja, kwa sauti kubwa, hata watu wa mtaa wa pili wakasikia mgongo wa nani una nini, na Bibi Ngatirah, ambaye mikono yake mwenyewe ilikuwa ikimuuma kwa miaka kumi na moja, akatoka akasimama nao kwenye foleni.