Lenzi ya Namba Kubwa

Eliakim aliitukana lenzi yake kimoyomoyo, kisha akamtukana mzungu wa Kitale aliyebadilishana naye, na mwisho, kwa haki, akajitukana mwenyewe. Nani alimwambia kwamba namba kubwa huona pakubwa? Alikuwa na lenzi ya inchi sita, tiifu, iliyomweka mtu mzima kwenye picha hata ndani ya kile chumba chake cha Bungoma, ambamo punda asingeweza kugeuka. Akaitoa, akapewa ya inchi kumi na mbili, akarudi nyumbani akichekacheka kama bwana harusi. Kumbe namba ikizidi, picha inabana!

Sasa Mama Nasambu alikuwa amesimama ukutani. Eliakim, kichwa ndani ya kitambaa cheusi na mgongo umegusa ukuta wa pili, alimwona kuanzia kichwani hadi kiunoni, basi. Akiinamisha kamera, miguu iliingia, kichwa kikatoka. Kutoka nje hakukuwezekana, kwa maana mvua ilikuwa ikimwagika na kamera yenyewe ni ya mbao.

"Mama, keti kwenye kiti. Ukiketi utaingia mzima."

"Nikikaa si atasema ni kweli?"

Mwanawe, Wekoye, alikuwa vitani Burma. Mtu alimfikishia habari kwamba mkokoteni wa ng'ombe ulimponda mama yake, akakatwa miguu yote miwili. Uongo mtupu. Barua tatu zilimwambia hivyo, naye akajibu kwamba barua huandikwa na watu, na kwamba asipoiona miguu hiyo kwa macho yake atatoroka jeshi arudi. Na aliyetoroka vitani hakuulizwa sababu. Wepukhulu, askari mwenzake aliyekuwa likizo, alisimama mlangoni na mkoba wake, akiingoja picha ampelekee. Treni yake ilibakiza saa moja.

"Rudi nyuma kidogo, bana," Wepukhulu alisema.

"Nirudi wapi? Nitoboe ukuta?" Eliakim alifoka. Miaka minane katika kazi hii, na leo anashindwa kumpiga picha mwanamke aliyesimama wima! Alitamani kuitupa lenzi ile mtaroni.

"Piga miguu tu," alisema Mama Nasambu.

"Miguu bila uso, mama? Hiyo itakuwa ya mtu yeyote."

"Kwako wewe." Akavua kiatu cha kushoto, kisha cha kulia. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho. "Hii alikata yeye na jembe, tukilima wimbi. Alilia kunishinda. Uso yangu labda amesahau. Hii, hapana."

Eliakim aliinamisha kamera, bado amenuna. Lenzi ikachukua kila ukucha, kila ufa, na pengo pale kidole kilipokuwa. Picha ilipotoka kwenye dawa alimnyooshea Wepukhulu ikidondosha maji, akijiandaa kulaumiwa.

Mama Nasambu aliidaka kwanza, akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni mimi," akasema, akamkabidhi askari. "Kimbia."