Somo la Radi Dunguni

Ngurumo ya kwanza ilisikika upande wa Kipini, na Safiya akajua leo atagombana na mamake. Alikuwa amekuja Ozi Jumamosi hiyo kutoka Garsen, anakofundisha fizikia sekondari. Alimkuta Bi Mwanaarusi pale pale alipomwacha mwezi uliopita, juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya mpunga, kombeo mkononi, akifukuza ndege. Shamba lote lile halikuwa na kitu kirefu kuliko dungu, ila mkoma mmoja, mti wa jamii ya mnazi, kando yake.

"Mama, shuka. Mvua inakuja na radi."

"Ndege hawajaenda. Na mimi siendi."

Safiya akapanda ngazi. Alipoketi juu, utoto wake wote ukamjia, na moyo ukamwuma kwa utamu. Hapa ndipo babake, marehemu Mzee Shee, alipokuwa akimfinyangia vidongo vya kombeo. Yeye alivirusha akakosa, na mzee akasema ndege wa Ozi wanamshukuru sana. Wingu likianza kuguna, mzee alikuwa na sheria zake: kioo nyumbani kifunikwe kwa kanga, nguo nyekundu ivuliwe, radi isitajwe jina, na aliye dunguni ashuke, aende mbali na mkoma, achutame miguu pamoja mpaka ipite.

Kisha Safiya akafika kidato cha pili, akarudi likizo na atomu. Debe tupu haliachi kuvuma. Alisugua kitana nywelani, akaokotea vipande vya karatasi, na mzee akacheka mpaka akashika mbavu. Akamweleza kwamba kila kitu ni atomu, na ndani ya atomu mna elektroni zenye chaji hasi, ambazo huhama vitu vikisuguana. Huko mawinguni barafu na matone hugongana, chaji zikatengana, hasi ikajaa chini ya wingu hadi ikaruka kuifuata chanya iliyoko ardhini. Mzee akaokota punje ya mpunga, akauliza mna atomu ngapi humo.

"Kushinda punje zote zilizowahi kuvunwa Tana."

"Na nani aliyezihesabu?"

Safiya alimpenda sana siku ile. Mzee alipouliza habari ya kioo na nguo nyekundu, alimjibu kwa kiburi cha msichana wa bweni: "Mambo ya kizamani, Baba. Yote."

Ngurumo ya pili ilikuwa karibu zaidi. Safiya akaanza kumweleza mamake habari ya chaji na vitu virefu, kama anavyowaeleza wanafunzi wake, lakini Bi Mwanaarusi akamkata.

"Elimu yako tulishaisikia, mwanangu. Ulisema yote ni ya kizamani, na babako akaacha yote. Ulirudi shule, mvua ikaja. Kioo akakifunua, akavaa kikoi chake chekundu, akapanda hapa akakaa. Namwita ashuke, aniambia Safiya amesoma. Ikaupiga mkoma huo. Alizimia, na alipoamka sikio la kushoto lilikuwa limekufa. La kulia likawa la kubahatisha."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu ndiye aliyelisikia la mdogo.

"Mliniambia ni dawa za malaria zilizomharibu masikio," Safiya akasema.

"Yeye ndiye aliyetaka tuseme hivyo. Alisema ukijua utaacha kusoma."

Safiya akautazama mkoma. Kovu lake refu alikuwa amelipita miaka ishirini bila kuliulizia.

"Mama, nilikosea. Kioo na nguo nyekundu havina neno. Kushuka kulikuwa kweli tangu zamani. Kitabuni kuliandikwa, na mimi sikumwambia. Niliona raha kusema 'yote ni ya kizamani'."

Bi Mwanaarusi akaweka kombeo chini. "Miaka yote hii najiuliza kama niliolewa na mjinga."

"Hakuwa mjinga. Aliniamini."

"Haya. Nishike mkono, ngazi hii inateleza."

Nyumbani kulikuwa mbali na mvua ilikwisha kufika. Wakaenda kwenye mpunga, mbali na mkoma, wakachutama kila mmoja peke yake, miguu pamoja, vichwa chini. Mwanga ukapasua, ngurumo ikafuata, na ndege wote wakaondoka bila kufukuzwa.

Safiya alilia, na mvua haikumficha. Alikumbuka simu alizokuwa akipiga kutoka chuoni, kisha kutoka Garsen, na babake ndiye aliyekuwa akiwahi kupokea. Alimwuliza habari za masomo mara mbili, mara tatu, kwa sababu hakusikia jibu. Naye Safiya, kwa kuchoka kupiga kelele, alikuwa akimwambia, "Mpe Mama simu." Hilo mzee alilisikia kila mara, na kila mara alimpa.