Ruhusa ya Picha ya Huguette

Tangu azikwe mwezi wa nne, Huguette alikuwa akirudi nyumbani, mtaa wa Shari, kila siku saa kumi alasiri. Alivua viatu mlangoni, akakaa karibu na jiko, na mume wake Athanase akamsimulia habari za mtaa huku akikoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Jumanne moja hakuja. Jumatano pia. Alhamisi jirani yao Falone aliingia lupangoni, uani kwao.

"Papa Athanase, mama Huguette iko kwangu. Anakaa pembeni ya bidoni ya mafuta."

Athanase alimfuata. Kwenye bidoni ile, dumu jipya la mafuta ya kupikia, palikuwa na picha ya Huguette akicheka ufukweni Tchomia. Athanase alikuwa ameipiga mwenyewe, na baada ya kifo akaiweka kwenye mtandao ili ndugu wajue matanga. Huguette alikuwa ameinama pale chini, akipepea makaa ya Falone.

"Kila penye bidoni iko, wananiita," alisema bila kuinua macho. "Nyumba ni mingi."

Athanase alipeleka simu kwa Olivier, mwenye duka la fotokopi, amsomee masharti ya mtandao ule. Yalikuwa ya Kifaransa, marefu. Olivier alisoma mpaka chai yake ikapoa.

"Picha inabaki mali yako, papa."

"Basi wanirudishie bibi yangu."

"Inabaki yako, lakini weye uliwapa ruhusa ya kuitumia na kuipatia wengine, kila pahali, bila mwisho. Watu wa mafuta waliipata kwa hao wa mtandao."

"Sikusoma. Nilifinya tu *j'accepte*, nakubali. Nilikuwa nalia."

Olivier alirudi mwanzo wa ukurasa, akatafuta tena. "Hapa hawasemi kitu juu ya mutu mwenye analia."

Waliifuta picha mtandaoni siku hiyohiyo. Bidoni ziliendelea kuuzwa. Athanase naye alinunua moja, akaiweka karibu na jiko, akangoja.

Huguette alifika siku ya kumi na tisa, miguu imejaa vumbi la barabara ya Kpandroma. Alikunywa maji akiwa amesimama.

"Kaa kidogo," Athanase alimuomba.

"Tchomia wananingoja mbele ya giza kuingia."

Alimtazama mumewe, akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi shingoni, akatoka. Mwezi uliofuata hakuja, wala ule mwingine. Shati lile Athanase hakulifua tena.