Kahawia Kwenye Tezi

Dada alikataa katakata kipande cha tezi kilichotolewa kwapani mwake kishikwe na mtu mwingine. "Fundi wa rangi hapo maabara ni wewe," alisema, "halafu nyama yangu ipakwe na watu baki? Thubutu." Kanuni zetu zinakataza kugusa sampuli ya ndugu, lakini dada akishikilia jambo lake hakuna wa kumtoa. Mkuu wa maabara alijaribu kubisha, akanywea.

Watu hunicheka, eti kazi yangu kupaka rangi. Napaka, ndiyo. Kila seli ina kiunzi chake, nyuzi za protini zinazoishikilia kama nguzo zinavyoshikilia nyumba. Seli za titi zina nyuzi za keratini, na rangi yangu ikiikuta keratini inageuka kahawia; pasipo keratini panabaki buluu. Tezi ya kwapani, ikiwa salama, haina seli za namna hiyo. Ukiona kahawia humo, ujue saratani imeshatoka titini na kushika njia. Titi la dada lilishakatwa. Tulichosubiri ni hicho tu, imetoka au haijatoka.

Nikapaka, nikainamia hadubini. Kahawia. Vidoa vichache vimejibanza pembeni mwa tezi, havina hata haya. Nilivitukana matusi ambayo mama hajui kama nayajua.

Halafu nikaanza kujidanganya. Labda dawa imeharibika, labda sikuosha vizuri. Nikakata kipande kingine, nikafungua chupa mpya, nikarudia kazi yote. Huwa tunapaka pamoja na kipande cha ngozi, ambacho tunajua kina keratini, na kingine cha msuli, ambacho hakina, ili rangi isitupoteze. Ngozi ikawa kahawia. Msuli ukabaki buluu. Rangi haikuwa na kosa lolote, na vile vidoa vilikuwa palepale. Daktari wa maabara akachungulia, akanigusa bega. Niliichukia huruma yake, maana ilimaanisha kwamba naye ameona.

Nyumbani nilimkuta dada kitandani, anakunja nguo za mwanawe kwa mkono mmoja. Ule wa upande wa kidonda ulikuwa bado haunyanyuki.

"Umechelewa," alisema. "Sema tu."

"Imefika kwapani."

Akaendelea kukunja. Shati moja likamshinda, akaliacha mapajani.

"Una hakika?"

"Nimepaka mara mbili, dada."

"Ya pili ya nini?"

"Nilitaka niwe nimekosea."

Hapo nikashindwa kujizuia, nikalia kama mtoto, mimi niliyekuja kumpa moyo. Akanivuta kwa mkono wake mzima, akanilaza kifuani, upande ule uliobaki.

"Tangu utotoni nakugombeza kwa kuharibu vitu," alisema. "Leo ndiyo ungeharibu, mdogo wangu."