Mashuka Ishirini

Kabla ya kufika kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, Bwana Sekunde alikuwa ameshapitia kiwanda cha mikate, gereji ya mabasi na duka la viatu. Kote huko alifanya jambo lile lile: alisimama na saa mkononi, akahesabu hatua za bure, akaondoka watu wakiwa wamepungua. Ofisini jambo hilo huitwa kuboresha kazi. Jina hilo la Sekunde alibandikwa na wafuaji. Alikuwa mpole, salamu zake hazina kasoro, hata kumchukia kulikuwa kazi.

Hapa hatua za bure alizikuta kwa Mama Pacha na wifi yake. Kwa miaka kumi na minne walikunja mashuka wakiwa wawili: huyu anashika ncha mbili, yule mbili, wanavuta, wanasogeleana, wanakutana katikati. Na hapo katikati ndipo habari zote za ukoo zilipopita, nani kaposwa, nani kanuna. Bwana Sekunde akagongomea kibanio ukutani. Hicho ndicho kingeshika upande wa wifi.

"Leo wanatupima mmoja mmoja," wifi alinong'ona wakati wa chai. "Mashuka ishirini kila mtu. Tujivute, wifi yangu. Tuyaangushe. Wakiona kibanio hakifai, tunabaki wote."

"Haya. Tumeelewana."

Mama Pacha aliitwa wa kwanza, mlango ukafungwa. Shuka la kwanza alilishika akiwa na nia kabisa ya kuliangusha. Mikono haikumsikiliza. Ilibana, ikavuta, ikakunja, ikalaza. La pili hivyo hivyo. Kwenye la saba alijiambia, angusha sasa, mwanamke, angusha. Akajikuta ananyoosha kona iliyopinda. Moyoni hakukuwa na hofu wala aibu, ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. La ishirini lilipokwisha, rundo lilikuwa limesimama wima na Bwana Sekunde anatabasamu.

"Kibanio kinafaa," alimwambia meneja. "Mmoja anatosha. Sasa tumwone wa pili, tujue abaki nani."

Hilo la mwisho hakuna aliyekuwa amewaambia. Mama Pacha alitolewa kwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye benchi la korido. Alijua anatakiwa ainuke, agonge mlango, aseme neno. Mwili haukuinuka. Alikaa akisikia mashine za kufulia zikizunguka, na hakuwaza chochote.

Baada ya nusu saa wifi yake akatoka, kicheko kimembana, akajibwaga kando yake na kumpiga kikumbo.

"Nimeangusha matano," alinong'ona. "Na moja nimelikanyaga kabisa. Haya niambie, wewe umeangusha mangapi?"